Dripu ya mwaka au sindano ya miezi sita: madhara yapi unaweza kuishi nayo?

Mama yuko Tanga. Dada yake, Mama Mkubwa, yuko Muscat kwa mwanawe, huu mwaka wa tisa. Wote wawili wana osteoporosisi, ule ugonjwa wa mfupa kupungukiwa madini hadi unavunjika kwa jambo dogo. Mama aliteleza uani na beseni la nguo mikononi, kifundo cha mkono kikavunjika. Mama Mkubwa hata hakuanguka. Aliinua ndoo, mgongo ukalia, picha ikaonyesha pingili moja imebonyea.

Mmoja akaandikiwa dripu ya mara moja kwa mwaka, mwingine sindano ya kila miezi sita. Tangu hapo simu zao ni ulinganisho mtupu: wewe umelala siku ngapi, mimi ngozi inaniwasha, meno yako yanasemaje. Mimi ndiye mshika kadi wa wote wawili. Nahesabu tarehe, nasoma vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya maboksi, na nawabana madaktari kwa maswali. Si daktari mimi, na hakuna cha kuanza wala kuacha kwa sababu umesoma hapa. Ila kama umeambiwa uchague kati ya hizi mbili, au mzazi wako ameambiwa, kuna mambo ambayo ningependa mtu angenieleza mapema.

La kwanza nalisema hapa hapa, kwa wenye haraka: dripu hukusumbua unapoipokea, sindano hukuadhibu unapoichelewesha. Mengine yote yanazunguka hapo.

Majina, maana yanachanganya

Dripu ni asidi ya zoledroniki, miligramu 5, na boksi huweza kuandikwa Aclasta (Marekani huitwa Reclast) au jina la kampuni nyingine, kwa kuwa zipo nakala nyingi. Inapita mshipani kwa dakika zisizopungua 15. Sindano ni denosumabu, miligramu 60, jina lake maarufu ni Prolia, na inachomwa chini ya ngozi ya mkono, paja au tumbo. Nakala za hii ni za juzijuzi. Marekani iliidhinisha ya kwanza Machi 2024.

Dawa hizi hizi hutumika kwa wagonjwa ambao saratani imeingia kwenye mifupa, lakini huko kipimo ni kingine kabisa. Zoledroniki ya saratani huitwa Zometa na inaweza kutolewa kila baada ya wiki tatu au nne. Denosumabu ya saratani huitwa Xgeva, miligramu 120 kila wiki nne. Shika hilo kichwani, kwa sababu hadithi nyingi za kutisha unazotumiwa na ndugu kwenye simu zinatoka kwa wagonjwa hao, wala si kwa bibi anayepata dozi moja kwa mwaka.

Kwa nguvu zimekaribiana. Katika utafiti wa HORIZON uliochapishwa 2007, dripu kwa miaka mitatu ilipunguza kuvunjika kwa pingili za mgongo kwa asilimia 70 na nyonga kwa asilimia 41. Katika FREEDOM, 2009, sindano ilipunguza pingili kwa asilimia 68 na nyonga kwa asilimia 40. Kwa hiyo usichague kwa kuuliza ipi ina nguvu. Uliza ipi utaivumilia, na ipi maisha yako yataweza kuifuatisha.

Siku tatu za Mama

Mama aliwekewa dripu Jumanne saa nne asubuhi. Nusu saa baadaye ameshavaa viatu, anauliza kama hapo ndipo mwisho. Tukarudi nyumbani, akala wali wake, akalala kidogo. Saa mbili usiku baridi ikamshika. Mablanketi mawili, meno yanagongana, viungo vyote vinauma kama mtu aliyetwanga mahindi kutwa. Kipimajoto kikasoma 38.9.

Jirani akaingia na hukumu yake: "Hiyo malaria hiyo. Mpelekeni akapimwe."

Na alikuwa na haki ya kusema. Hili ndilo jambo ambalo vikaratasi vilivyoandikwa Ulaya havilitaji, na kwetu lina uzito. Homa ya dripu ya zoledroniki inafanana na malaria kwa kila kitu: kutetemeka, kichwa, uchungu wa misuli, kichefuchefu. Kosa linaweza kwenda pande mbili. Mtu anaweza kumezeshwa dawa za malaria bure, na mtu mwenye malaria ya kweli anaweza kuachwa nyumbani kwa kuambiwa "ni ile dripu tu." Sisi tulimpima. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kikatoka hasi, tukatulia. Alhamisi jioni akaomba uji. Ijumaa alikuwa barazani.

Homa hii kwa kawaida huanza ndani ya siku tatu za kwanza na kuisha yenyewe ndani ya siku chache. Katika HORIZON iliwapata watu 32 hivi kati ya 100 baada ya dripu ya kwanza, 7 baada ya pili, 3 baada ya tatu. Namba hizo zingemsaidia sana Mama ile Jumanne usiku, aliponiuliza, "Mwanangu, hii ni dawa au adhabu?" na mimi sikuwa na jibu. Aliyemwekea dripu, mahali nisipopataja, alimwambia tu "unaweza kuhisi uchovu." Wanaotoka kwenye vidonge vya alendroneti, dawa nyingine ya osteoporosisi, mara nyingi homa hii huwapata kidogo zaidi. Mama hakuwahi kuvimeza.

Mwaka wa pili tulijipanga. Glasi mbili za maji kabla, na maji zaidi baadaye. Parasitamoli siku hiyo hiyo na siku tatu zilizofuata, kwa kipimo alichoandika daktari, bila kuchanganya na dawa za mafua, kwa kuwa nyingi zina parasitamoli humo humo ndani. Hakuna mgeni wala arusi wiki hiyo. Na tuliiweka Shaabani, kabla ya mfungo, kwa kuwa dripu inataka mtu anywe maji. Alichohisi safari hiyo ni uchovu wa siku moja.

Jambo moja lisingoje siku tatu: jicho likiwa jekundu, linauma na haliwezi mwanga. Zoledroniki huweza mara chache kuleta uvimbe ndani ya jicho. Hospitali siku hiyo hiyo. Na mwenye historia ya mapigo ya moyo kwenda ovyo aseme mapema, kwa sababu katika utafiti ule ule tatizo hilo kwa kiwango kikali liliwapata asilimia 1.3 ya waliopata dripu dhidi ya 0.5 ya wasioipata.

Sindano tulivu, na deni lake

Mama Mkubwa alikuwa akimcheka. "Mdogo wangu, mimi nachomwa asubuhi, mchana nakaanga samaki." Ni kweli. Denosumabu haina ile homa. Malalamiko ya kawaida ni mgongo, misuli na viungo kuuma, jambo ambalo kwa mtu wa miaka 74 mwenye pingili iliyobonyea ni vigumu kujua lipi la dawa na lipi la umri. Ngozi ndiyo iliyomsumbua yeye: mabaka makavu ya kuwasha kwenye mikono. Katika FREEDOM ukurutu uliwapata asilimia 3.0 ya waliochomwa na 1.7 ya wasiochomwa, kwa hiyo dawa ina mkono, ila si mkubwa. Kinachohitaji haraka zaidi ni ngozi kuvimba, kuwa ya moto na nyekundu, hasa mguuni. Maambukizi ya aina hiyo yalikuwa machache, lakini ndiyo yaliyowafikisha watu kulazwa. Mwenye kisukari awe macho.

Sasa deni. Zoledroniki hujigandisha kwenye mfupa na kukaa humo miaka, ndiyo maana baada ya dripu tatu wagonjwa wengi huruhusiwa kupumzika. Denosumabu haikai. Baada ya miezi sita nguvu yake inaisha, na zile seli za kula mfupa zilizokuwa zimefungwa zinaamka kwa pamoja na njaa. Walipofuatiliwa watu walioacha sindano katika FREEDOM, kuvunjika kwa pingili kulipanda kutoka 1.2 kwa kila watu 100 kwa mwaka hadi 7.1. Na kati ya waliovunjika, asilimia 60 hivi walivunjika zaidi ya pingili moja. Mgongo mmoja, pingili mbili tatu, bila kuanguka.

Hili hatukuelezwa. Mama Mkubwa alikuja Tanga kwa arusi ya mjukuu, akakaa. Arusi ikaisha, ikaja fungate ya wengine, ikaja hitima, watu wakasema mbona unaharakia Uarabuni. Siku moja nikiwa natafuta kadi ya Mama nikaiona na yake: sindano ya mwisho ilikuwa miezi sita na wiki mbili nyuma. Nilipompigia daktari wake alikata maneno: kuchelewa kusizidi wiki chache, na kupita mwezi wa saba ni kucheza na mgongo.

Ukisafiri sana, ukiwa na mazoea ya "nitaenda wiki ijayo", au bima yako ikikatika na kurudi, hili ndilo la kulipima kuliko homa ya siku tatu. Dripu ikichelewa mwezi mmoja, mfupa bado una akiba. Na siku ukiamua kuiacha sindano huondoki mikono mitupu. Hufuatishiwa dawa nyingine ya kushikilia mfupa, mara nyingi dripu hiyo hiyo ya zoledroniki, miezi sita hivi baada ya sindano ya mwisho.

Figo na kalsiamu

Hapa ndipo wengi huchaguliwa bila kuchagua. Zoledroniki hupitia figo. Uwezo wa figo kuchuja ukiwa chini ya mililita 35 kwa dakika, haitolewi. Kwa hiyo kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha figo zinavyochuja, kabla ya kila dripu si urasimu. Mwambie daktari pia kama unameza diklofenaki kwa magoti. Kwetu inauzwa kama peremende, watu hawaihesabu kuwa dawa, na ni adui wa figo.

Denosumabu haipiti kwenye figo, na hapo watu hurukia kusema basi ndiyo ya wenye figo mbovu. Taratibu. Mwenye figo zilizochoka sana, hasa anayesafishwa damu, akichomwa denosumabu kalsiamu yake inaweza kushuka hadi kuhatarisha maisha. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake kali kabisa kuhusu hilo Januari 2024. Anaweza kupewa, ila kwa uangalizi wa karibu na vipimo vya damu vya mara kwa mara.

Dawa zote mbili hushusha kalsiamu, kwa sababu zinazuia mfupa kuitoa. Dalili zake zijue kwa majina ya nyumbani: midomo na ncha za vidole kufa ganzi, vidole kukakamaa, misuli ya mguu kukaza, moyo kwenda visivyo. Kwa sindano, kiwango hufika chini kabisa siku kama 10 baada ya kuchomwa, wakati ambapo mtu ameshasahau kuwa alichomwa. Vitamini D ikiwa chini irekebishwe kwanza. Usijidanganye kwa jua la Muscat au la Tanga. Upungufu wa vitamini D ni mwingi katika nchi za Ghuba, ambako watu hutoka nyumba yenye kiyoyozi kuingia gari lenye kiyoyozi, tena wamejisitiri. Mama Mkubwa kiwango chake kilikuwa chini sana, wakamcheleweshea sindano ya kwanza hadi kikapanda.

Taya na paja

Kuna madhara mawili adimu ambayo dawa zote mbili zinayo, na ndiyo yanayowatisha watu kuliko yanavyostahili.

La taya ni mfupa kubaki wazi baada ya jino kung'olewa, usipone. Kwa dawa za kundi la zoledroniki katika kipimo cha osteoporosisi, makadirio ni kati ya mtu 1 kwa 10,000 na 1 kwa 100,000 kwa mwaka. Kwa denosumabu, walipofuatiliwa hadi miaka kumi, ilikuwa kama 5 kwa 10,000 kwa mwaka. Kwa dozi za saratani hesabu hupanda hadi asilimia nzima. Ushauri ni wa kizamani: nenda kwa daktari wa meno kabla ya kuanza, jino lililooza ling'olewe lipone, kisha uanze. Mama aling'oa magego mawili na kungoja. Ukiwa tayari kwenye sindano na jino likauma, usiahirishe sindano kwa uamuzi wako mwenyewe. Madaktari wawili, wa meno na wa mifupa, wazungumze. Ukiahirisha peke yako umekimbia hatari ndogo ukaikumbatia ile ya pingili.

La paja ni mfupa mrefu wa paja kupata ufa bila ajali, kwa watu waliotumia dawa hizi miaka mingi. Hutangulia kwa maumivu butu ya paja au kinena, wiki au miezi kabla. Bibi akisema paja linamuuma na hakuanguka, usimkande kwa mafuta ya karafuu ukadhani umemaliza. Omba picha, na ya miguu yote miwili.

Friji

Dripu huhifadhiwa kwenye joto la kawaida hadi ifunguliwe. Denosumabu hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Wakati wa ile mikasa ya arusi tulipoitafuta hapa, duka moja la dawa lilitutolea boksi kutoka rafu ya nyuma ya kaunta, karibu na dirisha. Nikauliza imekaa hapo tangu lini. Muuzaji akacheka, "Hiyo haiharibiki." Hatukuinunua. Ikishatolewa kwenye friji ina siku zake zilizohesabiwa, na boksi lenyewe husema ni ngapi. Mwishowe mwanawe alikuja nayo kutoka Muscat kwenye kimkoba cha barafu, mkononi ndani ya ndege. Kwenye mizigo ya chini ingeweza kuganda. Ilichomwa siku sita kabla ya mwezi wa saba kutimia.

Hizo nyingine, kwa ufupi

Teriparatidi, ya tangu 2002 Marekani, ni ya familia tofauti: inajenga mfupa badala ya kuzuia uliwaji. Unajichoma kila siku kwa kalamu, kwa kawaida hadi miezi 24, kisha lazima ufuatishe dawa ya kushikilia kilichojengwa. Madhara yake ni ya kila siku kama yenyewe ilivyo: kizunguzungu ndani ya saa chache baada ya dozi za kwanza (kaa kitandani unapojichoma), miguu kukaza usiku, kichefuchefu, na kalsiamu kupanda badala ya kushuka. Kalamu hukaa friji na hutupwa baada ya siku 28 hata kama imebaki dawa. Umeme ukiwa wa kukatika kila jioni, fikiria mara mbili. Lile onyo la saratani ya mfupa, lililotokana na panya, liliondolewa kwenye boksi lake mwaka 2020, lakini aliyewahi kupigwa mionzi kwenye mifupa bado haifai kwake.

Romosozumabu ni sindano mbili kwa siku moja kila mwezi kwa mwaka mmoja. Aliyepata kiharusi au shambulio la moyo ndani ya mwaka uliopita hapewi. Sijaona mtu wa kwetu anayeitumia, basi naishia hapo.

Ningemshauri nani nini

Mwenye figo nzima, anayeishi mbali na hospitali kubwa, au ambaye hana hakika atakuwa wapi miezi sita ijayo: ningemwambia avumilie homa, achukue dripu. Mama yuko kundi hili na sijutii. Mwenye figo zilizopungua kiasi, au aliyepata homa ya dripu mbaya kiasi cha kukataa ya pili, na ana mtu wa kumhesabia tarehe, sindano itamfaa. Ila mtu huyo wa kuhesabu awe na jina. "Familia itakumbuka" haitoshi. Familia yetu ni kubwa na hakuna aliyekumbuka hadi nilipoikuta kadi kwenye droo. Na mtu ambaye pingili zake zimeshavunjika zaidi ya moja aulize kuhusu dawa za kujenga kabla ya kukubali hizi za kushikilia, kwa sababu mpangilio wa ipi itangulie una uzito wake.

Swali moja la kumuuliza daktari kabla ya kutoka chumbani: "Nikiiacha hii, nafuata nini?" Kwa dripu jibu linaweza kuwa "unapumzika, tutapima tena." Kwa sindano, daktari akikujibu "hakuna kitu, unaacha tu," tafuta maoni ya daktari wa pili.

Sasa Mama Mkubwa anasema amechoka na Uarabuni, anataka kurudi moja kwa moja. Figo zake zimepimwa, zinafaa. Daktari wake wa Muscat amekubali: sindano ya mwisho mwezi wa pili, dripu ya kwanza hapa Tanga mwezi wa nane. Jana usiku ametuma ujumbe wa sauti, wa dakika nne, habari za samaki na za wajukuu. Mwishoni kabisa akashusha sauti: "Hebu niulizie mdogo wangu, ile homa yake ilikuwa siku ngapi hasa? Na lile blanketi zito bado analo?"